Tupeane uzoefu: kuhamisha mfumo wa faili toka Unix moja kwenda nyingine

Mzibuaji: Wakuu, leo kuna jamaa kaniambia "Linux na FreeBSD si zote Unix tu, unakompaili upya (unageuza tena msimbo uwe programu) mambo yanaisha." Nimecheka hadi machozi. Waliopitia huku, mwageni yenu.

inodi_pekee: Kukompaili ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Bi_Kerneli: Umetonesha kidonda. Tulirithi moduli ya mfumo wa faili ya Linux (kipande kinachochomekwa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi), tukaipeleka FreeBSD. Kusoma safi, kuandika safi, bosi kaanza kupongeza watu. Likaja jaribio la `rename` (kubadili jina au kuhamisha faili): mchakato mmoja unatoa faili saraka A kwenda B, mwingine B kwenda A, kwa wakati mmoja. Mashine haikuzima, ila kila `ls` inayogusa saraka zile inaganda. `ps` inaonyesha D (mchakato unasubiri, haukatizwi), `kill -9` ya kuuua kwa nguvu haifui dafu. Punde mgando ukapanda hadi kwenye mzizi, hata kuingia upya hakuna. Kumbe kwenye Linux, VFS (tabaka la kerneli lililo juu ya mifumo yote ya faili) inazitia kufuli saraka zote mbili, mwingine asiziguse, kabla ya kuita msimbo wako. FreeBSD inakupa saraka ya kwendea ikiwa imefungwa, ya kutokea iko wazi, umeshikishwa rejeo tu (haitafutwa, ila haina kufuli). Ukiing'ang'ania hiyo huku umeshika ile nyingine, na mwenzako kafanya kinyume, mnatazamana milele. Dawa: jaribu kufunga bila kusubiri. Ikikataa achia zote, anza upya, na majina uyatafute tena, maana huenda yamebadilika.

Kopo: "mnatazamana milele" 😂😂

Mzee_wa_Seva: Sisi ilikuwa staki (kumbukumbu ya muda ya kila mchakato). XFS, mfumo wa faili, ilizaliwa kwenye IRIX, Unix ya kampuni ya SGI, ikaja Linux ambako kila mchakato ulipewa staki ya KB 8 ndani ya kerneli. Weka NFS (faili kupitia mtandao) juu, XFS katikati, LVM na RAID (za kuunganisha diski) chini, kila tabaka linakula staki, uone inavyofurika. x86-64 (kompyuta za kawaida za biti 64) ilipewa KB 16 kwenye Linux toleo la 3.15, mwaka 2014.

huru_daima: Mateso yote ya nini? FUSE, inayokuruhusu kuendesha mfumo wa faili kama programu ya kawaida nje ya kerneli, ipo ndani ya Linux tangu 2005, FreeBSD nayo inayo. Ikianguka inaanguka programu yako, si mashine.

Bi_Kerneli: @huru_daima fungua faili ndogo milioni moja halafu urudi utusimulie.

huru_daima: Heri polepole kuliko D.

kiraka: Jengeni tabaka la kuigiza kerneli ya asili. ZFS, mfumo wa faili wa Solaris (Unix ya Sun), ilifika Linux kwa tabaka la SPL, linajifanya Solaris hadi leo.

Mzee_wa_Seva: Usithubutu! XFS nayo ilikuja na vinodi (vnode, kiwakilishi cha faili ndani ya kerneli za Unix) vya kuigiza, watu wakachukua miaka kuving'oa.

kiraka: Mzee, ZFS haiwezi kuingia kerneli kuu kwa sababu ya leseni: CDDL yake na GPL ya Linux hazipatani. Ifanyeje sasa?

inodi_pekee: Leseni haijawahi kugandisha mashine yangu. Turudi kwenye mada.

Mgeni_wa_VFS: Dada Bi_Kerneli, hapo pa kuachia zote: wakiendelea kugongana je?

Bi_Kerneli: Usirudi mbio. Isubiri ile iliyokukatalia mpaka uipate, iachie, ndipo uanze upya. La sivyo mtazunguka wote, CPU ichemke bure.

Kopo: Na sifa za ziada (maelezo yanayobandikwa kwenye faili)? `security.selinux`, lebo ya usalama ya Linux, naiweka wapi FreeBSD, wakati huko kuna makundi ya `user` na `system` tu?

huru_daima: FUSE 😁