TEAC A-3340S ya 60Hz inacheza polepole Mtwara, na kanda za Ampex zinalia

Shangani_Rekodi
Wakuu, habari za kazi. Kuna mashine ya kurekodi kwa kanda za rili, TEAC A-3340S ya chaneli nne, imetoka Marekani, kibati cha nyuma kinasema 117V 60Hz. Inalishwa na transfoma ya kushusha 220 kwenda 110, wati 500. Taa, mita na rili zote ziko hai, ila kanda za kwaya zilizorekodiwa kwingine zinatoka nzito, sauti ya kwanza inasikika kama besi. Zilizorekodiwa kwenye mashine hii hii hapa Mtwara zinatoka sawa kabisa. Mkanda wa mpira unaozungusha kapstani (mhimili unaovuta utepe) umebadilishwa, kasi iko vilevile.

Mengine mawili: chaneli ya 3 inapotea na kurudi, na rili mbili za Ampex 456 (aina ya utepe) zinalia kama bawaba kavu, zinaacha uji wa kahawia kwenye hedi (vichwa vya kusoma na kurekodi) mpaka utepe unakwama. Nianzie wapi?

fundi_mikindani
Mkanda umeuonea bure. Transfoma inashusha volti, hertzi haizigusi. Mota ya kapstani ya 3340S ni sinkronasi, inafuata hertzi za umeme unaoingia. TANESCO ni 50, mota inataka 60, kwa hiyo kasi inapungua asilimia 17 hivi na sauti inashuka zaidi kidogo ya nusu-toni tatu. Ulizorekodi hapo zimeingia polepole na zinatoka polepole, ndiyo maana huoni kosa.

Hakikisha kabla ya kushika bisibisi. Chukua utepe usio na kazi, pima mita 5.72, weka alama mwanzo na mwisho upande wa mgongo, cheza kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde. Mashine nzima inamaliza kwa sekunde 30. Yako ikitoa 36, ni hertzi. Ukipata namba nyingine, au inayobadilika kila ukirudia, tafuta mkanda unaoteleza au roli ya mpira (inayobana utepe kwenye kapstani) iliyokauka ikang'aa.

Dawa ya kudumu ni puli kubwa zaidi kwenye mota. Mpe fundi wa kerezo, lakini usimwambie tu "zidisha kwa 1.2". Unene wa mkanda unahesabika. Mfano puli ni mm 12.0 na mkanda mm 0.6: jumlisha upate 12.6, zidisha kwa 1.2 upate 15.12, kisha toa 0.6. Jibu ni 14.52, siyo 14.4. Puli ya zamani ina tumbo kidogo katikati, ndilo linalozuia mkanda kutoka, lifuatwe. Tundu likienda upande hata kidogo sana, sauti itayumba. Puli ikikua, mkanda nao urefuke, na kapasita ya mota iwe ya 50Hz kama mchoro wa mashine unavyoonyesha.

Usipotaka kukereza, nunua inveta ya betri inayotoa 110V 60Hz, wimbi laini (pure sine wave). Zile za wimbi la ngazi zinaifanya mota ivume na kuchemka. Wati 500 zinatosha.

Kitu kingine: chuma cha transfoma ya ndani na mota vilipimwa kwa 60Hz. Kwa 50Hz vinapata joto zaidi. Usiiache inazunguka mchana kutwa.

Kusini_Sauti
Kama lengo ni kuhamishia kompyuta tu, kerezo ya nini? Cheza hivyo hivyo, rekodi chaneli zote nne kwa mkupuo mmoja kwenye kifaa cha kuingizia chenye njia nne, kisha kwenye programu ongeza kasi mara 1.2 (kasi na toni pamoja, siyo toni peke yake). Ukiingiza mbili mbili, hazitalingana tena, waimbaji watakimbizana. Treble itabaki imepinda kidogo, irekebishe kwa sikio.

dj_nachingwea
Hizo Ampex zinahitaji kukaushwa. Kitotoleshi cha mayai kinafaa, joto lake halipandi wala kushuka.

fundi_mikindani
Kukausha sawa, kitotoleshi hapana. Kinaishia nyuzi 37 au 38, na hapa inatakiwa 54. Gundi ya 456 inanyonya unyevu wa hewa na kuvunjika, na pwani yetu unyevu ni wa bure. Tumia mashine ya kukaushia matunda yenye feni, weka kipimajoto ndani, usiamini namba za kitufe. Utepe wa robo inchi unakaa humo kwa muda wa saa nane, ukiugeuza kila baada ya saa mbili, halafu uache upoe muda uleule kabla ya kuucheza. Oveni ya gesi na jua la uani, sahau.

Kwanza inua rili uitazame kwenye mwanga. Ikipitisha mwanga pembeni ni asetati (plastiki ya tepe za zamani), hiyo usiikaushe kwa joto. Baada ya kukausha una kama mwezi mmoja wa kuucheza, kwa Mtwara fanya wiki mbili, na ihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa wenye silika (chembe za kunyonya unyevu). Hedi safisha kwa isopropili 99%. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni 70, iliyobaki maji. Roli ya mpira ioshe kwa maji na sabuni kidogo.

Shangani_Rekodi
Sekunde 36 kamili. Asanteni. Na chaneli ya 3?

Kusini_Sauti
Ingiza muziki, weka kurekodi, halafu geuza swichi ya kusikiliza kati ya chanzo na utepe. Ikipotea kwenye vyote viwili, kosa liko njia ya kutokea: kitasa cha sauti au soketi. Ikipotea kwenye utepe peke yake, ni swichi ya kusinki ya chaneli hiyo (inayofanya hedi ya kurekodi isomee utepe) au waya za hedi. Mara nyingi ni swichi, chumvi imeila. Zima, chomoa, pulizia dawa ya kusafishia kontakti, igeuze mara 30. WD-40 iache kwa bawaba za mlango.