Goti la Rama

Kikundi cha familia: Wana wa Bibi Zaituni

JUMANNE

Mama Rama (Korogwe), 1:12 usiku: Assalaam aleikum ndugu zangu. Yule mzee wa Muheza anayechua, nani ana namba yake? Rama goti la kushoto limevimba. Aliangushwa mpirani mwezi wa tatu, mpaka leo hajapona.

Baba Kauthar (Tanga), 1:15: Waaleikum salaam. Mwezi wa tatu, na huu ni wa sita? Maskini mjomba wangu. Namba ninayo, nakutumia.

Bibi, kwa sauti, 1:19: Mkandeni kwa maji ya moto na chumvi, kisha mpakeni habasoda. Mfupa wa mtoto haukawii kurudi.

Mama Neema (Dar), 1:21: Mama, shikamoo. Baba Kauthar, hiyo namba usiitume kwanza, nakuomba. Mdogo wangu, nijibu: linauma akicheza tu, au hata akikaa? Usiku analala?

Mama Rama, 1:24: Usiku ndiyo balaa, dada. Saa nane anaamka analia, nampa panadol. Mchana anachechemea. Uvimbe uko juu kidogo ya goti, mgumu, ukigusa pana joto. Zahanati walimpima damu, wakasema safi, hana malaria wala sikoseli. Eti ni ukuaji, ana miaka 14, anarefuka.

Mama Neema, 1:33: Ukuaji. Neno hilo hilo niliambiwa mimi.

Maumivu ya ukuaji kwa kawaida hushika miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anakimbia kama kawaida. Hayavimbishi goti. Ya Neema yalikaa mguu mmoja, sehemu moja, na kila wiki yalizidi. Nikamkanda. Nikampeleka kwa mchuaji mara nne, mtoto akipiga kelele mimi nimemshika mabega. Miezi mitano ikaenda hivyo. Siku alipopigwa eksirei, daktari aliitazama picha akanyamaza, akaniambia niketi.

Osteosakoma. Saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe. Huwapata zaidi vijana wanaobalehe, wakati mifupa inarefuka kwa kasi, na mara nyingi hukaa karibu na goti, au juu ya mkono penye bega. Damu inaweza kusomeka safi kabisa na ugonjwa upo. Kwa hiyo kile kipimo cha zahanati kisikutulize.

Mama Rama, 1:35: Dada unanitisha. Sisi tulijua Neema aliumizwa na kuanguka ngazini.

Mama Neema, 1:38: Hata mimi nilijua hivyo. Kuanguka hakuleti saratani. Kulitufanya tuutazame mguu, basi.

Sikwambii Rama anayo. Magoti mengi ya watoto wa mpira ni msuli au mshtuko tu, na kuna TB ya mfupa, kuna usaha. Lakini hakuna anayeweza kujua kwa kupapasa. Na kama ndiyo, mfupa umeshadhoofika, mchuaji anaweza kuuvunja mikononi mwake. Chale na majani ya moto ndiyo kabisa msithubutu.

Bibi, kwa sauti, 1:41: Mwanangu, kumbe ndiyo yaliyompata mjukuu wangu? Mbona hukunieleza? Mpeleke mtoto hospitali. Hayo maji ya chumvi acha.

Sule (Toronto), 1:50: Dada, huku Kanada kila Septemba shule nyingi hukimbia kumkumbuka kijana Terry Fox. Goti lilimuuma, akadhani ni la mpira wa kikapu, akavumilia amalize msimu. Machi 1977 wakakuta osteosakoma, mguu ukakatwa juu ya goti akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 alikimbia na mguu wa bandia siku 143, kilomita 5,373, kuchangisha fedha za utafiti, mpaka ugonjwa ulipoingia mapafuni. Alifariki 1981, miaka 22. Watoto wangu wanamjua kama jirani.

Mama Neema, 1:54: Mapafuni ndiko hupenda kukimbilia. Ndiyo maana Muhimbili walimpima Neema kifua kabla ya chochote. Halafu dripu za kemo, yaani dawa za saratani, kwanza, upasuaji, kemo tena. Wakiuwahi bado mdogo, mara nyingine hutoa kipande cha mfupa na mguu ukabaki. Sisi tulichelewa. Walikata.

Mama Rama, 1:55: Nakuja Tanga kesho.

Baba Kauthar, 1:57: Nimekutumia nauli na ya picha. Pandeni basi la alfajiri, nitawapokea stendi twende hospitali ya Bombo pamoja.

Mama Neema, 2:03: Mwambieni daktari miezi mitatu, na anaamka usiku. Msiposema mtapewa dawa ya maumivu mrudi nyumbani. Picha iwe mbili, ya mbele na ya ubavu. Na wakiona kitu, asikatwe kinyama cha kupima hapo hapo. Ombeni rufaa, kikatwe pale atakapofanyiwa upasuaji, maana hata njia inapopita sindano daktari wa upasuaji anaihesabu kuwa sehemu ya kuondolewa.

JUMATANO

Mama Rama, 4:40 asubuhi: Tumepigwa picha. Mbili. Tunamsubiri daktari, mbele yetu watu sita.

Baba Kauthar, 4:41: Rama ametulia. Nimemnunulia maandazi, hajala.

Mama Rama, 5:26: Daktari anasema kuna sehemu ya mfupa haimpendezi. Hajataja jina. Anaandika rufaa ya Muhimbili leo hii, na amempa magongo asiukanyage mguu.

Bibi, kwa sauti, 5:28: Ya Rabbi, mjukuu wangu.

Mama Neema, 5:29: Njooni moja kwa moja kwangu. Chumba kipo, njia zote za pale nazijua. Usilie mbele yake.

Mama Rama, 5:34: Dada, Rama ananiuliza kama Neema anaweza kumpigia. Hataki kuongea na mimi.

Neema (Dar), 5:35: Mama mdogo, mpe simu. Napiga sasa hivi.