Behewa la ng'ombe la OO (treni za modeli, skeli ya 1:76) linayumba, halafu chokaa nipake au niache?

behewa_chakavu
Wakuu habari za wikendi. Nimemaliza kuunga behewa la ng'ombe la kampuni ya Dapol, ile seti ya plastiki ya kuunga iliyokuwa ya kampuni ya Airfix zamani. Bodi imetoka poa ila nikiliweka relini gurudumu moja linaelea hewani, nikilichomeka katikati ya treni likifika kwenye pointi (pale reli zinapogawanyika) linatoka. La pili, kwenye picha za kale mabehewa ya ng'ombe ya Uingereza yana weupe huku chini kama yamemwagikiwa uji, ile si chokaa? Langu nataka liwe la British Railways (BR), shirika la reli la Uingereza, miaka ya 50.

fundi_msasa
Mkuu hapo chesi (fremu ya chini inayobeba magurudumu) imepinda, magurudumu hayana kosa. Chukua wembe ukate taratibu gundi ya upande mmoja tu wa chesi, usiguse wa pili, kisha rudishia ukiwa umeshaweka magurudumu, lisimamishe juu ya kioo ulibonyeze mpaka yote manne yaguse ndo uache mpaka kesho. Meza usiiamini, mbao nyingi zina mabonde. Gundi tumia ile ya majimaji ya plastiki, unagusisha brashi kwenye ufa inajivuta yenyewe, supagluu inashika hapohapo huwezi hata kunyoosha. Na kwenye matundu ya ekseli tia vile vikombe vidogo vya shaba, bila hivyo plastiki inalika.

mzee_wa_stesheni
Chokaa achana nayo kijana. Walikuwa wanapaka kuua vijidudu vya magonjwa ya mifugo, ikaonekana inawaumiza wanyama wenyewe miguu, ikapigwa marufuku miaka ya 1920. BR imezaliwa 1948, sasa chokaa itoke wapi? Weupe huo waachie wenye mabehewa ya enzi za Great Western na Midland, kampuni za reli za kabla ya BR. Lako kama lina breki za vakyumu (zinazotumia nguvu ya kufyonza hewa) lipake ule wekundu wa kahawia, kama halina ni kijivu, halafu chini chafua na rangi ya samadi, hapo hukosei 😂

behewa_chakavu
Shikamoo mzee, asante sana, nilishanunua na rangi nyeupe aisee. Uzito je? Hili pande zake za juu ziko wazi, nikiweka nati ndani za kuliongezea uzito zinaonekana.

fundi_msasa
Bandika chini ya sakafu, katikati ya chesi, gramu 50 hivi zinatosha kwa ekseli mbili. Na ndani paka rangi kabla hujafunga paa, ng'ombe nao waingie mapema.

mzee_wa_stesheni
Marahaba. Ukiwa na moyo weka na kizuizi cha ndani. Great Western walikuwa wanakisogeza, mwenye ng'ombe wachache analipia nafasi ndogo, na hata BR mabehewa yao yalifuata sana michoro ya Great Western.

dogo_wa_mita
Samahani kuingilia, hilo haliwezi kugeuzwa la East African Railways?

mzee_wa_stesheni
Rangi utapaka ila reli zitakukataa. Kwetu ilikuwa mita moja, OO inaiga reli ya kawaida ya Uingereza ambayo ni pana zaidi. Tafuta chesi ya reli ya milimita 12, skeli ya 1:87, bodi ujikatie mwenyewe kwenye plastiki bapa. Ukianza fungua uzi wako tuje.