Wakala ameikalia domeini yetu, kila tukiuliza ni "DNS inaenea". Inaenea kutoka wapi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Tunauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Wateja wa Bujumbura na Lubumbashi wanaagiza kwa barua pepe yenye jina la kampuni, yaani domeini yetu ya .com. Seva ya wakala wetu hapa mjini ilikuwa inalala kila mara, tukalipia hosti kwingine na kumwomba aelekeze domeini kwenye seva mpya za majina, zile zinazoonyesha tovuti na barua pepe zako ziko wapi. Akajibu: "Tumeshabadilisha, subirini saa 48, DNS inaenea." DNS ni mfumo wa mtandao unaotafuta jina liko kwenye seva gani. Saa zikapita. Tukauliza tena, jibu lile lile neno kwa neno, na huku amefunga sanduku letu la zamani. Oda zinaingia humo, hatuzioni.

Hizo saa 48 zipo, sikatai. Rekodi za seva za majina za .com zina TTL (muda wa kushika jibu) ya sekunde 172,800, yaani mtandao uliokwisha kuuliza unaruhusiwa kushika jibu la zamani siku mbili kabla ya kuuliza upya. Lakini hesabu hiyo inaanza pale mabadiliko yanapofika kwenye rejista, daftari kuu la .com linaloendeshwa na kampuni ya Verisign, na yakitumwa huko huonekana ndani ya dakika chache. Kijana wetu anayesoma Nyegezi akafungua WHOIS, kumbukumbu za wazi za usajili wa domeini, kwenye simu mbele yangu. Seva za majina ni zile zile za zamani. Tarehe ya mwisho ya mabadiliko ni ya mwaka jana, tulipolipia. Hakuna kilichotumwa!

Kilichoniumiza zaidi ni mstari wa mmiliki: limeandikwa jina la kampuni ya wakala. Ada ya kila mwaka tangu 2019 tumetoa sisi, risiti tunazo. Hii ni sawa na dalali kukununulia kiwanja kwa hela yako halafu hati akaiandika jina lake.

Tukaamua tuihamishe domeini yenyewe, tukaomba namba ya siri ya uhamisho. Mara "kuna kufuli la siku 60". Kufuli hilo ni la domeini iliyosajiliwa karibuni, iliyotoka kuhamishwa au iliyobadilishwa mmiliki, kulipia mwaka hakulianzishi. Akageuka, sasa anataka laki moja na nusu ya "kufungua". Kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, zinampa msajili (kampuni inayosajili domeini) siku 5 kutoa namba hiyo mmiliki akiiomba, na uhamisho ukishaombwa, msajili wa zamani asipojibu ndani ya siku 5 unapita wenyewe. Gharama ya kuhamisha .com unalipa kwa msajili mpya, na inakuongezea mwaka mmoja. Hiyo laki na nusu ni ya nini?

Tatizo ni kwamba ICANN inamsikiliza aliyeandikwa kwenye rejista, na pale sisi hatujaandikwa. Ndiyo maana nawauliza wadau: kuna aliyewahi kuwa na risiti tu, jina la mtu mwingine, akafanikiwa kwa msajili mkuu aliye juu ya wakala? Walikudai vielelezo gani? Leseni ya biashara na ankara zinatosha?

Na wenye tovuti, fungueni WHOIS ya domeini zenu usiku huu huu, msome mstari wa mmiliki.

Wakala, najua unapita humu. Maombi yetu unayo kwa maandishi. Tupe namba ya uhamisho na ufungue sanduku la barua leo, wateja wanasubiri mzigo.