Binti amewekwa orodha ya kungoja: abaki, akubali Ohio, au aombe upya mwakani?

Mama_Malindi
Hamjambo nyote. Naomba mawazo, maana hapa nyumbani hakulaliki. Binti yangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akapata A-. Aliomba vyuo sita Marekani. Vinne vimemkataa. Kimoja cha Massachusetts, kile alichokuwa akikiota, hakikukubali wala kukataa, kimemweka kwenye orodha ya kungoja. Cha sita ni chuo kidogo Ohio, kimempokea na msaada wa karo, sisi tumebakiziwa dola 2,400 kwa mwaka. Chuo kikuu cha JKUAT kule Juja pia anaweza kwenda, kupitia KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo nchini. Mwenyewe anataka kuwaambia Ohio hapana, angojee Massachusetts. Babake asema akae mwaka mzima aombe upya. Mwisho wa kujibu ni tarehe 1 Mei.

Baharia_Boston
Shikamoo mama. Ohio asiikatae hata kidogo! Kukubali Ohio hakumtoi kwenye orodha ya Massachusetts. Akubali huku, kule ajibu kwamba bado yupo. Wakimwita Juni, anawaandikia Ohio kuwa haji tena, na kinachopotea ni ile amana ya kushikia nafasi. Amana yenyewe aombe asamehewe, vyuo vingi husamehe wasio na uwezo. Kisichofaa ni kulipa amana vyuo viwili kwa pamoja.

Na muangalie saa. Kama fomu inasema mwisho ni saa sita kasoro dakika moja usiku, saa za mashariki ya Marekani, hapo Malindi ni saa moja kasoro dakika moja asubuhi ya tarehe 2. Lakini msifike huko, intaneti ya nyumbani mnaijua.

Tito_Voi
Mimi naona orodha hiyo ni kumpa mtu matumaini ya bure. Takwimu za NACAC, chama cha washauri wa kujiunga na vyuo Marekani, za 2019: kati ya waliokubali kubaki kwenye orodha, vyuo kwa wastani vilichukua kama 20%. Kwa vile vinavyochuja zaidi, 7%. Na mara nyingi si foleni, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Wakikosa mpiga filimbi wa bendi, wanamtafuta mpiga filimbi.

Tafuteni waraka wa chuo hicho uitwao Common Data Set, sehemu ya C2. Utaona waliowekwa kwenye orodha, waliokubali kubaki, na waliochukuliwa. Miaka mingine vyuo vikubwa havichukui hata mmoja.

Mwalimu_Mstaafu
Mama Malindi, kabla ya hayo yote nina swali moja. Chuo hicho cha Massachusetts, kikipima maombi ya mwanafunzi wa nje, kinaangalia uwezo wa kulipa au hakiangalii? Harvard, MIT na Amherst hawaangalii. Vingi vingine huangalia, na kufika Mei fungu la msaada limeshagawiwa. Nimewashika mkono watoto wengi katika mambo haya. Wa kulipiwa karibu karo yote, akiwa kwenye orodha ya chuo kinachoangalia mfuko, mimi humwambia wazi: ubaki ukitaka, lakini moyo uhamishie kwingine.

Mama_Malindi
Mwalimu, tumesoma tovuti yao usiku huu. Wanaangalia. Amenyamaza tangu hapo.

Zai_wa_Minnesota
Pole mama, na mpe pole yake. Mimi niliitwa kutoka orodha katikati ya Julai, sikitaji chuo. Tulipiga vigelegele hadi jirani wakaja. Barua ya msaada ikafuata siku tatu baadaye: pengo la dola 19,000 kwa mwaka. Na hata pesa zingekuwapo, bado ningengoja I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza, dola 350 za SEVIS, yaani usajili wa wanafunzi wa kigeni, ada ya viza, na tarehe ya mahojiano ubalozini, masomo yakianza Agosti. Nikabaki na chuo changu kidogo, nikamaliza.

Juu ya wazo la mzee: kuomba upya kuna maana ikiwa kuna jipya la kuonyesha, alama zilizopanda za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, au kazi ya maana mwaka huo. Ila asianze Juja huku akiomba. Vyuo vingi, ukishajisajili chuo kikuu, vinakuhesabu mwenye kuhama, na msaada kwa wanaohama kutoka nje ni haba mno. Kwa hiyo Juja ni njia nzuri kwa anayeitaka Juja, si kituo cha kungojea basi.

Baharia_Boston
Zai kasema. Akitaka kubaki kwenye orodha aandike barua moja, ukurasa mmoja, kama chuo kinaruhusu. Aseme yaliyotokea tangu Januari, na asijisifu upya. Asiahidi kwamba wakimchukua atakuja tu. Aseme atakuja msaada ukitosha, maana ndio ukweli.

Mama_Malindi
Ahsanteni sana. Barua ameiandika jana. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, aya nzima juu ya jinsi alivyolia. Tumeifuta. Imebaki habari ya watoto wa darasa la sita anaowafundisha hesabu Jumamosi kwenye baraza la msikiti, tangu Februari, sasa wamefika kumi na wanne. Ohio tunawajibu leo jioni, babake ameridhia kwa shingo upande. Sasa swali jingine: baridi ya Ohio, koti la mtumba la Kongowea litatosha?

Zai_wa_Minnesota
Koti litatosha. Viatu ndivyo visivyotosha, anunue akifika.