Darasa la akriliki kwa wanaoanza: vifaa tulivyouziwa vinawakatisha tamaa watoto

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Binti yangu amejiunga na darasa la wanaoanza kuchora kwa akriliki, yaani rangi yenye plastiki ndani yake, hapa Dar es Salaam, nasi wazazi tukapewa orodha ya vifaa na kuelekezwa duka moja tu la kununulia. Tulichopata ni sanduku la rangi 24 katika vityubu vya mililita 12, brashi zinazong'oka manyoya na kuyaacha yamegandia kwenye mchoro, kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu bila kupakwa rangi ya kwanza ya kukiandaa, na chupa ya tapentaini.

Tapentaini ya nini? Akriliki huchanganywa na maji, na brashi zake huoshwa kwa maji na sabuni. Tapentaini ni ya rangi za mafuta, zikiwemo zile za makopo ambazo wachoraji wa Tingatinga wamezitumia katika jiji hili hili tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968. Mwalimu asiyezitofautisha rangi hizo mbili anatoza ada ya kufundisha nini?

Linaloniuma zaidi ni rangi zenyewe. Nilipaka nyekundu kwenye karatasi, nikaiacha hadi kesho yake, kisha nikaifuta kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa kikawa chekundu chote. Akriliki halisi ikishakauka hivyo hairudi tena kuwa majimaji, kwa sababu plastiki iliyomo imekwisha kushikana. Inayotoka namna ile ni rangi ya mabango iliyobandikwa jina lisilo lake. Ndiyo maana mtoto akipaka njano juu ya bluu iliyokauka, ile ya chini inalainika na mchoro unageuka tope. Kwa tope hilo binti yangu aliambiwa, mbele ya wenzake, kwamba hana kipaji.

Anayeanza hahitaji rangi 24. Anahitaji nyeupe ya titani katika tyubu kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayowahi kuisha, pamoja na bluu, nyekundu, njano na kahawia, zote za daraja la wanafunzi, ili achanganye mwenyewe; mwenye kijani tele ndani ya sanduku atajifunza lini namna kijani kinavyopatikana? Brashi mbili tatu za nailoni zinatosha, na karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba inafaa kabisa kwa mazoezi. Cha kuchanganyia ni sahani yoyote ya kauri, na kwa joto letu iwepo chupa ya kunyunyizia maji, la sivyo rangi itakauka kabla haijafika kwenye karatasi.

Nataka darasa hilo lirudishe fedha za rangi na kuandika orodha upya. Wazazi mliouziwa masanduku kama haya, fanyeni jaribio la kitambaa, mweke picha hapa na mtunze risiti, ili tuyafikishe malalamiko haya kwa pamoja Tume ya Ushindani, inayowalinda walaji.