Ndugu wa tumbo moja, sasa hawajuani: paka wangu karudi kwa daktari, mwenzake anamfokea

Bint Chumbageni

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, jambo hili linaniumiza sana.

Nina paka wawili madume, ndugu wa tumbo moja, wana mwaka na miezi minne. Mweupe anaitwa Mwezi, wa kahawia tunamwita Kahawa. Niliwaokota pamoja nyuma ya duka la nafaka, macho ndiyo kwanza yanafumbuka, nikawalea kwa maziwa ya bomba la sindano. Tangu hapo wanalala wamekumbatiana, wanarambana masikio, wanakula sahani moja.

Jumanne iliyopita nilimpeleka Mwezi kwa daktari wa mifugo akahasiwa. Kahawa alikuwa anakohoa, daktari akasema yeye asubiri. Jioni nikamrudisha Mwezi ndani ya tenga, bado analevyalevya na dawa ya usingizi. Nikalifungua sebuleni nikijua nduguye atamlaki. Kahawa akaja mbio, akanusa mara moja tu, akaruka nyuma. Mgongo juu, mkia umetuna kama brashi ya kuoshea chupa, akatoa ile "khaaa" ambayo sijawahi kuisikia kwake. Leo siku ya sita, bado.

Baya zaidi, nimekuta mkojo kwenye mswala wa mama, mara mbili. Mama ni mtu mzima, anaswali palepale pembeni ya kitanda chake, na limemuudhi kweli. Anasema ni Kahawa, kwamba kaingiwa na hasira, nimtafutie pa kwenda. Jirani kanishauri niweke naftalini karibu na mswala na nimpake Mwezi mafuta ya karafuu anukie vizuri. Sijafanya bado. Nifanyeje?

Kipanga wa Mjini

Pole dada. Madume wawili nyumba moja ni vita tu. Gawa mmoja, upumzike.

Tiba Moro

Dada, kwanza kabisa usiweke naftalini na usimpake mafuta ya karafuu. Naftalini ni sumu kwa paka, hata mvuke wake. Mafuta ya karafuu nayo yana kemikali ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja kama letu, na akijiramba yote yanaingia tumboni. Nimeshatibu paka wa namna hiyo, na si wote waliopona.

Kahawa hana chuki. Hamjui aliyetoka ndani ya tenga. Sisi tunatambuana kwa sura, paka anatambua wa kwao kwa harufu. Ana vifuko vinavyotoa harufu mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso, pembe za mdomo, mwanzo wa mkia na katikati ya vidole vya miguu. Anapojisugua kwenye mguu wako au kwenye kona ya kabati, anapaka harufu yake na kuchukua ya pale. Paka wanaokaa pamoja wakisuguana kila siku, harufu zao zinachanganyika mpaka zinakuwa moja, harufu ya nyumba. Huo ndio utambulisho wao.

Mwezi alirudi na spiriti, dawa, glavu za daktari, na woga wa mbwa waliokuwa wakibweka chumba cha pili. Umbo la ndugu, harufu ya mgeni. Kwa Kahawa hilo ni jambo la kutisha, ndiyo maana alijitunisha. Paka anayekunja mgongo na kusimamisha manyoya anaomba asisogelewe.

Sasa nijibu maswali matatu. Mkojo uliukuta ukutani au umetuama chini? Beseni la mchanga liko wapi? Na kila mmoja anashinda wapi mchana?

Bint Chumbageni

Ahsante sana ndugu yangu. Mkojo ulikuwa dimbwi katikati ya mswala, ukutani hakuna kitu. Beseni liko mwisho wa korido, karibu na mlango wa uani. Mwezi anashinda chini ya kitanda cha mama, anatoka usiku tu. Kahawa siku hizi analala katikati ya korido. Hapo hafanyi fujo yoyote, amelala tu ametulia.

Jambo jingine: kila akipita kwenye lile tenga ananusa, halafu anabaki mdomo wazi, mdomo wa juu umejikunja kama mtu aliyeonja kitu kibaya. Ni ugonjwa?

Shangazi wa Lamu

Mwanangu, hapo kwenye korido ndipo penye jibu. Mimi nimezaliwa Lamu, mji wa vichochoro, na paka ni wengi kuliko milango. Kichochoro kikiwa chembamba paka hapigani. Analala tu katikati, na mwenziwe akitokeza kichwa kule mwisho anamkazia macho. Basi. Aliyekaziwa macho anageuka anarudi alikotoka. Wewe ukipita utasema huyu kalala, kumbe kafunga njia.

Mtazame huyo Kahawa vizuri. Je, mwili umelegea, au kichwa kiko juu na masikio yameelekea mlango wa chumba cha mama? Ncha ya mkia inachezacheza? Mwezi akichungulia, Kahawa anapepesa macho au anatumbua? Paka aliye salama anafumba macho polepole kama anayesinzia. Asiyepepesa anatishia.

Na huyo Mwezi kabanwa na haja siku nzima chini ya kitanda. Njia imefungwa. Mbele yake kuna kitu laini kinachonyonya maji.

Tiba Moro

Shikamoo shangazi. Umemaliza kazi, nilikuwa naelekea hukohuko.

Dume anayeweka alama husimama, hugeuza matako ukutani, mkia wima na unatetemeka, miguu ya nyuma inakanyagakanyaga, na mkojo hutoka kwa kurushwa nyuma kwa kimo cha paka. Harufu yake ni kali sana. Dimbwi chini ni paka aliyechuchumaa kwenda haja. Kwa hiyo sidhani ni Kahawa, nadhani ni Mwezi, na hakufanya kwa kiburi.

Lakini mchunguze. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara, anajikamua na hakitoki kitu au ni matone tu, usisubiri ushauri wa mtandaoni, mkimbize kwa daktari siku hiyohiyo. Dume akiziba njia ya mkojo anaweza kufa ndani ya siku chache.

Ule mdomo wazi si ugonjwa. Kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele ya juu, paka ana vitundu viwili vinavyoingia kwenye kiungo cha pekee cha kunasa harufu. Wataalamu wanakiita kiungo cha Jacobson, kwa jina la Ludwig Jacobson wa Denmark aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Kahawa anaivuta harufu ya tenga aichunguze zaidi. Hata mbuzi beberu anafanya hivyo akinusa mkojo wa jike.

Fanya hivi. Leo hii watenganishe. Mwezi abaki chumba cha mama (au chako, kama mama hataki) na beseni lake la mchanga, maji na chakula. Wasionane kabisa kwanza. Chukua soksi safi, msugue Mwezi mashavuni na kidevuni taratibu, kisha iweke karibu na sahani ya Kahawa. Usimsogezee puani, mwache aifuate mwenyewe. Soksi nyingine ya Kahawa ipeleke kwa Mwezi. Wabadilishie pia matandiko, la huyu liende kwa yule. Walishe pande mbili za mlango uliofungwa, sahani mbali kidogo, kila siku uzisogeze karibu. Wakila bila kunguruma wakiwa wamepakana na mlango, fungua upenyo wa vidole viwili.

Hiyo harufu ya mashavu ndiyo Patrick Pageat wa Ufaransa aliichunguza miaka ya 1990, ikaanza kutengenezwa kiwandani na kuuzwa kwa jina la Feliway. Ukiipata sawa, lakini usijilaumu ukiikosa. Soksi ina harufu ya paka wako hao hasa.

Tafadhali usimshike mmoja ukamsogezea mwenzake "wapatane". Mtarudi mwanzo, na utachanwa.

Ummu Layla

Dada, kuhusu mswala. Mwambie mama kwa upole kwamba paka mwenyewe si najisi, Mtume (s.a.w.) alisema ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mkojo ndio wa kuosha. Usitumie jiki wala dawa yenye amonia, amonia inafanana na harufu ya mkojo na inaweza kumwita arudi palepale. Mimi naloweka kwa maji na siki, nasuuza, nafua kwa sabuni ya unga, naanika juani kutwa nzima. Udi pia usitegemee. Sisi tutasikia udi, paka atasikia udi na mkojo chini yake. Na mama akimaliza kuswali, mswala aukunje autundike.

Kipanga wa Mjini

Nimesoma yote. Nafuta ushauri wangu wa juu. Wa kwangu alitoka kwa daktari mwaka jana, mwenzake akamkataa, nikamgawa. Sikujua kama ilikuwa harufu.

Bint Chumbageni

MREJESHO, siku ya kumi na tano.

Shangazi, shikamoo, ulisema kweli. Usiku uleule nilikaa chini ukutani na simu nimeizima nikamtazama Kahawa. Mwili ulikuwa umelala lakini masikio hayakulala. Mwezi alipotoa pua chini ya pazia, ncha ya mkia wa Kahawa ilipiga sakafu mara mbili, tap, tap. Mwezi akarudi. Nimeishi nao mwaka mzima na sikuwahi kuliona jambo hilo.

Beseni la pili liliwekwa chumbani kwa mama. Tangu usiku ule hakuna tone kwenye mswala. Mkojo wake ni wa kawaida, hajikamui.

Soksi ya kwanza Kahawa aliifokea. Ya siku ya tatu aliinusa akaenda zake. Siku ya tano nilimkuta ameilalia. Mlangoni walianza kula umbali wa hatua nne, juzi sahani zilikuwa zinagusa mbao. Jana nikafungua upenyo. Mwezi alitoa kichwa, nikashika pumzi. Kahawa akainua mkia wima, ncha imejipinda kidogo kama mpini wa mwavuli, akamsogelea, wakagusana pua. Kisha akamsugua shavu kwa shavu mpaka shingoni. Mama alikuwa amekaa kitandani na tasbihi yake. Akasema, "Kamjua."

Swali la mwisho: Kahawa kapona kikohozi, zamu yake ya kuhasiwa imefika. Naogopa kuanza upya.

Tiba Moro

Alhamdulillah. Mpeleke na Mwezi siku hiyohiyo, hata kama yeye hafanyiwi kitu. Tandika ndani ya matenga yote mawili khanga waliyoilalia, usiifue kwanza. Warudi wote wananuka hospitali. Kahawa akishalevuka kabisa ndipo uwaache pamoja, na usiwaogeshe.

Bint Chumbageni

Nimeshapanga na daktari, Jumamosi asubuhi. Khanga ni ya mama, ameitoa mwenyewe.